Nimelipia Judo, Mbona Mtoto Anaanguka Tu?

Wiki iliyopita baba mmoja alinisubiri mlangoni mpaka darasa la watoto likaisha. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Mkononi alikuwa na risiti mbili, ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa pili. "Mwalimu," akaniambia, "mimi mtoto sikumleta hapa kuangushwa. Nimemleta ajifunze kuangusha." Kijana wake ana miaka tisa. Kila akirudi nyumbani anaulizwa leo mmefundishwa nini, na jibu ni lile lile: tumeanguka. Wiki ya kwanza wameanguka, ya tatu wameanguka, ya tano wameanguka na kuviringika. Na mtoto wa jirani, anayesoma karate, tayari anarusha mateke sebuleni mpaka mama yake anaficha glasi.

Simlaumu hata kidogo. Pesa ni yake, na haki ya kuuliza anayo. Lakini si yeye peke yake. Kila tukianzisha kundi jipya hapa Kinondoni, wiki ya sita haipiti kabla mzazi mmoja au wawili hawajaja na neno hilo hilo, na watu wazima wanaojilipia ada wenyewe ndio wenye haraka kuliko wazazi. Wengine hawasemi kitu, wanaacha tu kuja, halafu huko mtaani wanasimulia kwamba pale unatoa hela ufundishwe kuanguka, jambo ambalo hata mlevi analijua. Neno hilo la mlevi limenifikia zaidi ya mara moja, na linaniuma, kwa sababu kazi ninayoifanya kwa uangalifu kuliko zote ndiyo hiyo inayodharauliwa. Ngoja nieleze pesa yako inakwenda wapi katika hiyo miezi miwili.

Siku ya kwanza hakuna anayesimama. Mwanafunzi anakaa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha mbele, mikono ameikingamanisha kifuani, kidevu amekiingiza ndani mpaka macho yaone fundo la mkanda wake. Kutoka hapo anajiachia nyuma, mgongo ukiwa umepinda kama tumbo la mtumbwi, na mgongo wa juu unapofika chini mikono yote miwili inapiga mkeka kwa pamoja, kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko. Pumzi inatoka. Kichwa hakigusi. Anainuka, anakaa, anarudia. Mara kumi, apumzike. Mara kumi tena.

Mikono hiyo ina mahali pake. Ikifunguka sana ikawa mbali na mwili, bega ndilo linalopokea kishindo. Ikibana ubavuni, mtu anaangukia kiwiko chake mwenyewe. Katikati ya hapo, nyuzi kama 30 mpaka 45 kutoka mwilini, ndipo panapofaa. Mtoto wa miaka saba hujui utamwambiaje habari za nyuzi, kwa hiyo tunamlazia mikanda miwili juu ya mkeka, mmoja kila upande, tunamwambia apige juu ya mkanda. Kidevu nacho kina dawa yake: leso iliyokunjwa mara nne, anaibana kati ya kidevu na kifua. Ikidondoka, ameachia shingo. Watoto wanaipenda, wanahesabiana leso zilizodondoka. Watu wazima wanaona aibu wiki ya kwanza, na leso zao ndizo zinazodondoka zaidi, kwa sababu mtu mzima akihisi anakwenda nyuma hugeuza macho kutafuta anakokwenda. Macho yakienda nyuma, kichwa kinafuata.

Mimi nafundisha kwa sikio kuliko kwa jicho. Anguko safi lina mlio mmoja, pa! Likiwa na milio miwili, pa-du, najua mkono umewahi na kiuno kimechelewa, au mkono haukufanya kazi na mgongo umefika chini kama gunia la mkaa linaloshushwa kwenye lori. Naweza kuwa nimewapa mgongo namfunga mtoto mkanda, nikasikia mlio, nikamtaja aliyekosea kwa jina. Wazazi wanaokaa kwenye benchi hudhani nabahatisha. Na kuna mlio wa tatu, mfupi, mkavu, wa kichwa. Huo nikiusikia darasa zima linasimama.

Sasa piga hesabu. Kipindi kimoja mtoto anaanguka si chini ya mara 50. Vipindi ni vitatu kwa wiki, kumi na viwili kwa mwezi. Mwezi wa kwanza ukiisha ameanguka mara 600, kutoka kukaa, kutoka kuchutama, na mwishoni kutoka kusimama. Chali, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto. Ukimuuliza nyumbani atakwambia "tumeanguka," na hajakudanganya, ila 600 hizo ndizo zinazoondoa kitu ambacho kila mwanadamu amezaliwa nacho.

Kitu chenyewe ni mkono. Mtu akianguka, kabla hajafikiri, mkono umeshatangulia kudaka ardhi. Mkono umenyooka, kiwiko kimekazwa, na uzito wa mwili mzima pamoja na wa aliyemrusha unaishia kwenye kifundo. Kifundo kikistahimili, kiwiko kinatoka. Kiwiko kikistahimili, mtulinga unavunjika. Hakuna maelezo ya mdomo yatakayouzuia mkono ule, nimejaribu. Unazuiwa na kurudia tu, mpaka mwili upate tabia nyingine inayowahi kuliko ile ya kwanza.

Miaka michache iliyopita nilimpokea kijana mmoja, fundi wa simu Kariakoo, mwenye nguvu na bidii. Wiki ya pili tu akaanza kuniomba aingie na wenzake kwenye kurushana. Alisema analipa ada ile ile kama wao, kwa nini abaki pembeni na watoto? Alinibana wiki nzima. Nikamkubalia, na lile ni kosa langu, nalikiri kila ninapowasimulia wanaoanza. Alirushwa kwa o goshi, kurushwa kwa nyonga kwa taratibu kabisa, na mwenzake wa mkanda wa njano. Akapeleka mkono nyuma. Kifundo kikavimba kidogo tu. Hospitali wakampiga eksirei, haikuonyesha kitu, akaambiwa ameteguka, akarudi kazini na bendeji.

Wiki tatu baadaye alikuwa hawezi kuzungusha bisibisi. Nyoosha kidole gumba chako juu kama unayesimamisha daladala, utaona kijishimo kinatokea hapo chini yake, upande wa kifundo. Pale ndipo palipokuwa panamuuma akibonyezwa. Ndani ya kijishimo hicho kuna mfupa mdogo, umbo na ukubwa wake kama korosho, ambao damu huingia kwa upande mmoja zaidi, kwa hiyo ukipasuka hupona polepole, na ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye picha ya siku ya kwanza. Eksirei ya pili ikaonyesha ufa. Akafungwa hogo wiki kumi. Fundi wa simu mwenye mkono mmoja hafungui simu. Alitaka kuruka miezi miwili ya kuanguka, akakaa zaidi ya miezi miwili bila kipato, ukiacha gharama za matibabu. Tangu siku ile, mwanafunzi wangu akiangukia mkono na kijishimo kile kikauma, namwambia hata kama picha ni safi arudi kupigwa nyingine baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Na tangu siku ile hakuna anayenibana tena nikakubali, alipe ada ya mwezi au ya mwaka.

Baada ya kuanguka chali na ubavu, tunaingia kwenye kuviringika, na hapa ndipo wengi wanaponiambia, "Hiyo mimi naijua tangu utotoni." Wanachokijua ni kichwangomba. Kichwangomba kinapita katikati ya kichwa, shingo na uti wa mgongo, kila pingili inachubuka kwa zamu yake. Mviringo wa judo unapita mshazari: ukingo wa mkono, mkono wa juu, bega la kulia, unakata mgongo kwenda nyonga ya kushoto, mguu, na mkono wa pili unapiga mkeka. Kichwa kinapita pembeni bila kugusa. Ukitaka kujua kama mtu anaviringika sawasawa, mviringishe kwenye sakafu ngumu bila mkeka, taratibu. Mwenye kichwangomba atasimama anajishika shingo. Hilo hatuwafanyishi wanaoanza, lakini nimewahi kulifanya mwenyewe mbele ya mzazi mbishi kwenye terazo ya ukumbi, naye akaelewa bila maneno zaidi.

Kundi gumu kuliko yote kulifundisha ni vijana wa sarakasi, wale wanaoruka pindu Coco Beach kutoka juu ya tairi. Utadhani wao ndio wangekuwa wepesi. Miili yao ni mizuri, hofu hawana. Lakini miaka yote wamejifunza jambo moja, kutua kwa miguu, na kwenye judo ukirushwa ukang'ang'ania kutua kwa miguu, mguu mmoja unafika chini wakati mwili bado unazunguka. Goti halijaumbwa kuzunguka namna ile. Kijana mmoja wao alinichukua mwezi na nusu kumfundisha akubali tu kwamba ameshaangushwa. Siku alipokubali, mlio wake ukawa mmoja. Leo ndiye ninayemtumia kuwaonyesha wageni.

Ukemi, neno la Kijapani tunalolitumia kwa kazi hii yote, haliongelei kuanguka. Maana yake ni mwili unaopokea. Na wa kumsaidia anayeanguka apokee vizuri ni yule anayemrusha. Anayerusha ameshika mkono wa gi, yaani vazi la mazoezi, la mwenzake, na katika nusu ya pili ya kurusha anapaswa kuuvuta juu, ili mwenzake atue kwa ubavu, kichwa kikiwa kimeinuliwa. Akiuachia, mwenzake anashuka kama kitu kilichotupwa. Kwa hiyo mzazi anapoomba mtoto wake apelekwe haraka kwenye kurusha, hajiombei yeye peke yake. Mtoto asiyejua uchungu wa kutua vibaya hajui kwa nini asiuachie mkono ule, na anayetua ni mtoto wa mtu mwingine, aliyelipa pia. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882, aliweka katika misingi yake miwili mikuu huo wa kunufaika pamoja, wewe na mwenzako. Kwangu msingi huo unaanzia kwenye upindo wa mkono wa gi.

Hapo hapo niseme kuhusu gi, maana nayo inaleta manung'uniko. Tunakataa gi za karate kwenye judo, na watu wanasema tunataka kuwauzia zetu. Gi ya karate ni nyepesi. Ikivutwa inapasuka kwapani, na ikipasuka katikati ya kurusha, ule mkono uliokuwa unamshikilia mtu hauna tena cha kushika. Gi ya judo ya mtumba, iliyofuliwa mpaka ikafifia, ni bora kuliko gi mpya ya karate inayong'aa. Ukiipata ya mtumba niletee niikague mishono ya mabega, nitakuruhusu, na sitakuuzia kitu.

Sasa kichwa. Hili nalisema polepole kila mwaka, na nitalisema tena. Kuna mbinu moja inayopendwa na kila anayeanza kwa sababu ni rahisi kuielewa: osoto gari. Unamsukuma mwenzio nyuma huku ukimpiga ngwala ya nyuma ya mguu. Anakwenda chali, moja kwa moja, na haoni anakokwenda. Kama shingo yake haijazoea kushika kidevu, kichwa kinarudi nyuma kama mjeledi. Ubongo umeelea ndani ya fuvu, na vishipa vinavyouunganisha na utando wa nje vinaweza kuvutika vikakatika, hata pale ambapo kichwa hakikugonga kwa nguvu. Damu inajikusanya ndani kimyakimya.

Japani kwenyewe, judo ilikozaliwa, wamelipia somo hili kwa uchungu. Katika miongo mitatu hivi kuanzia mwaka 1983, zaidi ya wanafunzi 100 walifariki kutokana na judo ya shuleni, na majeraha ya kichwa yalikuwa sababu kubwa. Wengi walikuwa wa mwaka wa kwanza, yaani wale ambao bado walikuwa wanajifunza kuanguka. Osoto gari ilitajwa mara kwa mara. Serikali yao ilipofanya sanaa za mapigano kuwa somo la lazima kwenye sekondari za chini mwaka 2012, wazazi wa huko hawakulalamika kwamba watoto wanaangushwa mno bila kujifunza kuangusha. Hofu yao ilikuwa usalama, na kama walimu wameandaliwa vya kutosha.

Hapa kwetu anayeanza harushwi kwa osoto gari mpaka mwezi wa nne, na akifika hapo harushwi na mwenye mkanda mweupe mwenzake. Kichwa kikigonga, hata kama mtoto anacheka na kusema yuko sawa, siku hiyo amemaliza. Anakaa benchi, mzazi anapigiwa simu, nampa maelezo: kutapika, kichwa kuuma kunakozidi, usingizi usio wa kawaida, kuongea ovyo, hospitali usiku ule ule. Harudi kwenye mkeka mpaka daktari aseme. Mama mmoja aliwahi kunilalamikia kwamba mtoto amekalishwa wiki mbili na ada inakwenda. Nilimsogezea wiki mbili hizo mwezi uliofuata. Wiki mbili nazimudu.

Njia ya mkato inayonisumbua zaidi siku hizi ni godoro. Mzazi anaona video kwenye simu, anaona mazoezi ni kujilaza nyuma na kupiga mikono, anasema haya hata nyumbani yanawezekana, abaki mwezi mmoja afanyie kitandani kisha nimpeleke kwenye kurusha moja kwa moja. Nia ni njema. Lakini godoro linaficha makosa yote. Kichwa kinazama, hakisikiki. Kiganja hakipati jibu, kwa hiyo mtoto hajui kama amepiga kwa kiganja au kwa kiwiko. Kiuno kinadidimia, mgongo hauwezi kupinda. Mtoto anajifunza kujitupa kwa raha, na akija kwenye mkeka anajitupa hivyo hivyo. Mama mmoja alinitumia video kwa furaha, kijana wake anaviringika juu ya kitanda cha wazazi. Kilikuwa kichwangomba kitupu, tena ukutani. Wiki tatu nilikuwa nafuta kilichofundishwa na lile godoro, yaani vipindi tisa vya ada ambavyo vingekwenda kwenye jambo jipya.

Wengine wananunua vile vigodoro vya kuunganisha kama fumbo, vya unene wa sentimita moja au mbili, wanavitandika juu ya vigae. Kwa mtoto kuchezea na kunyoosha viungo, sawa. Kwa kuanguka kutoka kusimama, havitoshi, na vikitelezeshwa vinaachana, kidole cha mguu kinaingia kwenye mwanya. Mchanga wa ufukweni nao watu huuamini bure. Ulio mkavu una vipande vya matumbawe na chupa. Ulioloa na kushindiliwa na maji ni mgumu karibu sawa na saruji.

Mkeka wa judo ni kitu kingine. Una upana wa mita moja, urefu wa mita mbili, unene wa sentimita nne, umeshindiliwa kiasi kwamba ukisimama haudidimii lakini ukianguka unakubali. Chini yake una mpira usioteleza. Sisi tunayo 32, inatosha eneo la mita nane kwa nane, na kila mmoja umetugharimu karibu laki tatu mpaka ufike na kulipiwa ushuru. Hatukuinunua siku moja. Tulianza na kumi na miwili, na nilijipa moyo kwamba Kano naye alianza kwenye chumba cha mikeka kumi na miwili ndani ya hekalu la Eishoji. Kabla ya kila darasa tunaisukuma kwa miguu mpaka isiwe na mwanya hata wa kupitisha karatasi. Baada ya kila darasa inafutwa kwa dawa, kwa sababu joto na unyevu wa Dar, ukichanganya na jasho la watu ishirini, vinaleta fangasi ndani ya wiki moja. Mara moja kwa mwezi tunaigeuza na kuisimamisha ukutani ipumue.

Ada ni 60,000 kwa mwezi kwa mtoto. Ukigawa kwa vipindi kumi na viwili ni 5,000 kwa saa moja na nusu. Humo kuna kodi ya ukumbi, ambayo tunalipa kwa saa hata umeme ukikatika, kuna mikeka, kuna mwalimu msaidizi. Najua zipo sehemu zinazotoza nusu ya hapo. Nimetembelea mojawapo: watoto arobaini, mwalimu mmoja, na siku ya pili tayari wanarushana juu ya turubai lililotandikwa kwenye saruji. Wazazi walikuwa wamefurahi sana, wanapiga picha. Mimi darasa langu la wanaoanza halizidi watoto kumi na wanne na walimu wawili, na sababu ni ile ya sikio. Kati ya watoto kumi na wanne nasikia mlio wa kila mmoja. Kati ya arobaini nitasikia kelele.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye risiti. Mwaka jana tulikuwa na mama wa miaka hamsini na kitu, alikuja kwa ushauri wa daktari wake aongeze mazoezi, akasema kurusha watu hataki, anataka tu kukaa na wanaoanza. Alikaa miezi mitatu, akaacha kwa sababu ya kazi. Baadaye alinipigia simu. Ameteleza jikoni, maji ya kudekia, vigae. Aliumia makalio siku mbili. Aliniambia alichokikumbuka ni kwamba wakati anakwenda chini alikuwa anaangalia kitufe cha blauzi yake.

Yule baba nilimwomba avue viatu aingie kwenye mkeka. Alisita, akaingia. Nikamkalisha pembeni ya kijana wake, nikawapa leso mbili, nikawaambia wajiachie nyuma pamoja. Ya mtoto ilibaki. Ya baba iliruka, na kichwa kikagusa mkeka, taratibu, kwa sababu alikuwa amekaa tu. Alibaki amelala anatazama dari kwa muda. Nilimwambia akitaka salio la mwezi wa pili nitamrudishia siku ile ile. Akasema atazungumza na mama yake mtoto. Jumatatu kijana alikuwa mstari wa mbele, na mwezi huu, kama wenzake, anaanza kumrusha mtu wa kwanza akiwa amepiga magoti.

Kundi jipya la wanaoanza linafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa mbili asubuhi kwa watoto kuanzia miaka saba, saa kumi jioni kwa watu wazima. Kipindi cha kwanza hakilipiwi, na mzazi anaruhusiwa kukaa benchi mpaka mwisho, au kuingia ajaribu. Mwenye tatizo la shingo, mgongo, mifupa au shinikizo la damu aje kwanza na maelezo ya daktari. Kwa wiki mbili za mwanzo gi si lazima, fulana na suruali nzito isiyo na zipu vinatosha. Kucha zikatwe, hereni na bangili zibaki nyumbani, na kila mmoja aje na chupa ya maji na leso moja safi.